Bunduki za umeme: Sekunde tano zinapogeuka 33

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa kuamkia Agosti 15, 2016, katika mji wa Telford nchini Uingereza, mwanasoka wa zamani Dalian Atkinson alianguka nje ya nyumba ya baba yake mzazi. Hakupigwa risasi wala hakuchomwa kisu. Alikuwa amefyatuliwa bunduki ya umeme na askari polisi, na umeme huo ulimpita mwilini kwa sekunde 33 mfululizo.

Wasomaji waliokuwa wakifuatilia Ligi Kuu ya England mwanzoni mwa miaka ya 1990 watamkumbuka. Ndiye yule mshambuliaji wa Aston Villa aliyeuchukua mpira katika nusu ya timu yake, akawapita walinzi wa Wimbledon na kuuinua juu ya kichwa cha kipa, bao lililochaguliwa kuwa bora la msimu wa 1992/93. Alipofariki dunia alikuwa na umri wa miaka 48. Alikuwa na maradhi ya moyo, na figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi kiasi cha kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Kifaa kilichotumika hutoa umeme kwa sekunde tano kisha hujizima chenyewe. Huendelea zaidi ya hapo pale tu aliyekishika anapozidi kukibana kifyatulio. Mahakama iliyokaa Birmingham iliambiwa kwamba askari Benjamin Monk alifyatua mara tatu. Mara mbili za kwanza hazikufaulu. Ya tatu ilimwangusha Atkinson, na kidole hakikuondoka kwenye kifyatulio hadi muda ulipozidi mara sita ya kiwango cha kawaida. Kisha askari huyo alimpiga mateke kichwani.

Juni 2021 Monk alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha miaka minane jela, baada ya kuonekana hana hatia katika shtaka la mauaji. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30 tangu askari polisi wa England atiwe hatiani kwa kosa la namna hiyo akiwa kazini.

Kesi hiyo ilifufua swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu silaha hizi zilipoanza kuenea duniani: kifaa kinachosifiwa kwamba hakiui, huuaje?

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni vyema kufahamu kwamba jina "bunduki ya umeme" hubeba vitu viwili ambavyo havifanani katika utendaji wake. Kuna ile inayorusha vishale na kumpiga mtu aliye mbali, ambayo maarufu zaidi hujulikana kwa jina la kibiashara la Taser. Na kuna kile kidude cha mkononi, wakati mwingine chenye umbo la tochi, ambacho lazima kimguse mtu ndipo kimpige shoti. Watu wengi huvichanganya, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha.

Ya kwanza ilibuniwa na Jack Cover, mwanasayansi wa Marekani aliyewahi kufanya kazi katika miradi ya safari za anga za juu. Alianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuikamilisha mwaka 1974. Jina alilitoa katika hadithi ya vijana ya mwaka 1911 kuhusu kijana mvumbuzi aitwaye Tom Swift na bunduki yake ya umeme. Alichukua herufi za mwanzo za jina la hadithi hiyo kwa Kiingereza na kuongeza herufi moja ili litamkike vizuri.

Bunduki ya Cover ilirusha vishale kwa baruti. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani iliiweka katika kundi la silaha za moto, na biashara yake ikadorora. Mambo yalibadilika mwaka 1993, pale ndugu wawili, Rick na Tom Smith, walipoanzisha kampuni katika jimbo la Arizona na kushirikiana na Cover kuondoa baruti na kuweka gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Mwaka 1999 walitoa modeli ya M26 kwa ajili ya polisi na mwaka 2003 ikafuata X26, iliyosambaa katika nchi nyingi. Kampuni hiyo, iliyokuwa ikiitwa Taser International, ilibadili jina mwaka 2017 na sasa inaitwa Axon.

Utendaji wake ni kama ufuatao. Kifyatulio kikibanwa, gesi hulipuka kutoka katika katriji na kurusha vishale viwili vyenye ncha za ndoano, kila kimoja kikivuta nyuma yake waya mwembamba. Kwa katriji za polisi za modeli hizo, nyaya zilifika hadi mita 10 na ushei. Za raia ziliishia mita nne na nusu. Vishale vikinasa katika ngozi au nguo, umeme husafiri katika waya mmoja, hupita mwilini na kurudi kwa waya wa pili.

Hapo ndipo penye siri ya silaha yenyewe. Ubongo huiamrisha misuli kwa njia ya ishara ndogo za umeme zinazopita katika mishipa ya fahamu. Bunduki hii hutuma ishara za namna hiyo hiyo, takriban 19 kwa sekunde kwa modeli ya X26, na kuzizidi nguvu zile za ubongo. Misuli hujikaza yote kwa pamoja. Mtu hukakamaa na kuanguka kama gogo, akiwa na fahamu zake zote, akisikia kila kitu, ila mwili haumtii. Umeme ukikatwa, viungo humrudia papo hapo.

Ili hayo yatokee, vishale vinatakiwa kuachana vya kutosha ili misuli mingi iwe katikati yao. Kishale cha juu huenda moja kwa moja na cha chini hushuka kidogo kidogo, kwa kiasi cha sentimita 30 hivi kwa kila mita mbili. Aliye karibu mno hupigwa na vishale vilivyokaribiana, na badala ya kukakamaa huishia kupata maumivu na hasira. Koti zito au kishale kimoja kukosa shabaha huharibu kazi yote, maana mzunguko wa umeme haukamiliki.

Kushindwa huko si jambo dogo. Uchunguzi wa chombo cha habari cha APM Reports cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulibaini zaidi ya matukio 250 katika kipindi cha miaka mitatu ambapo polisi walimpiga mtu risasi na kumuua baada ya bunduki ya umeme kushindwa kumdhibiti.

Sasa tuje kwenye volti, neno linalotisha wengi na kuuza bidhaa nyingi. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 240 hivi, nao unaua. Yawezekanaje basi mtu apigwe na kifaa cha volti 50,000 na kunyanyuka?

Mkazi wa ghorofa ataelewa kwa mfano wa tanki la maji lililo juu ya paa. Volti ni kimo cha tanki, yaani msukumo wa maji. Ampea ni wingi wa maji yanayopita bombani. Tanki likiwekwa juu mno lakini bomba likawa jembamba kama sindano, kinachotoka ni tone moja moja, ingawa kwa kasi kubwa. Mtu anayevua sweta wakati wa baridi kavu na kusikia cheche zikialika amepigwa na maelfu ya volti bila kujua, kwa kuwa wingi wa umeme wenyewe ni kiduchu.

Ndivyo ilivyo kwa bunduki hizi. Volti 50,000 za X26 zilikuwa za kuiwezesha cheche kuruka uwazi mdogo kati ya kishale na ngozi pale kinaponasa katika nguo. Umeme ukishaingia mwilini, msukumo hushuka hadi volti 1,200 hivi, na wastani wa mkondo wake ni kama miliampea mbili. Umeme wa nyumbani unaweza kuuvuruga moyo ukifikia miliampea 100 hivi kupitia kifuani. Kuonyesha jinsi volti zisivyo kipimo cha nguvu, modeli mpya ya kampuni hiyo iliyotolewa mwaka 2023 inatumia volti 1,000 tu, na kusudio lake ni lile lile la kumwangusha mtu.

Hesabu hii inawaumbua wauzaji wa aina ya pili, zile za kugusa. Tochi na vidude vya namna hiyo huuzwa katika miji mingi, ikiwamo ya kwetu, na boksi huandikwa kwamba ndani mna volti milioni kadhaa. Hewa ya kawaida huhitaji kama volti 30,000 ili cheche iruke sentimita moja. Kifaa ambacho cheche yake inaruka sentimita tatu kati ya chuma na chuma hakiwezi kuwa na zaidi ya volti laki moja hivi. Hizo milioni zimo katika maandishi ya boksi.

La muhimu zaidi ni kwamba kifaa cha kugusa hakikakamazi mwili. Vyuma vyake viwili vimekaribiana, na umeme hupita katika eneo dogo la ngozi na msuli. Kazi yake ni kuumiza. Mshambuliaji aliyelewa au aliyepandwa na jazba anaweza kuyavumilia maumivu hayo, na anayejitetea analazimika kumsogelea mpaka amguse, jambo ambalo ndilo alilokuwa akilikwepa. Mwandishi wa makala haya haoni kwa nini mtu avae kifaa hicho kiunoni na kuamini kwamba amekuwa salama.

Hata hivyo, kukionyesha tu kumewahi kumwokoa mtu. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwanamke mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na mpenzi wake wa zamani, mwanamume aliyewahi kumpiga hadi akalazwa hospitali, alimkuta akimngojea nje ya mahali pake pa kazi. Alimwonyesha kifaa cha umeme alichopewa na rafiki. Mwanamume akaondoka. Mwanamke huyo alikuja kushitakiwa kwa kumiliki kifaa kilichopigwa marufuku katika jimbo hilo, na kesi yake ikapanda hadi Mahakama Kuu ya nchi, ambayo Machi 2016 ilibatilisha uamuzi wa mahakama ya jimbo.

Uingereza haina msamaha wa aina hiyo. Huko kifaa cha umeme cha kujihami kiko katika kundi la silaha zilizopigwa marufuku kwa raia chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968, na kilichofichwa katika umbo la tochi au simu kinaweza kumpatia aliyekutwa nacho kifungo kisichopungua miaka mitano. Wamo waliohukumiwa wakidai kwamba walidhani wamebeba tochi tu. Msomaji mwenye safari ya huko na asitie kitu kama hicho katika begi lake, na aliye hapa nyumbani aulize polisi kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa.

Kuhusu usalama, pande mbili hubishana na kila upande una ushahidi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la afya ya jamii la Marekani ulichambua zaidi ya matukio 24,000 ya polisi kutumia nguvu. Uligundua kwamba uwezekano wa mtuhumiwa kujeruhiwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60 pale bunduki ya umeme ilipotumika. Hilo halishangazi, kwani mbadala wake mara nyingi ni kirungu, mieleka au risasi. Nchini England na Wales, takriban mara tisa kati ya kumi ambazo polisi huichomoa silaha hii huwa hawafiki hatua ya kuifyatua. Alama nyekundu ya mwanga ikimtua mtu kifuani, mara nyingi hutosha kumfanya ainue mikono.

Upande wa pili una orodha ya makaburi. Shirika la habari la Reuters lilikusanya kumbukumbu za mahakama, polisi na wachunguzi wa vifo, na mwaka 2017 likaripoti watu 1,005 waliofariki nchini Marekani baada ya kupigwa na silaha hizo. Wengi wao walikuwa wamepigwa pia kwa nguvu nyingine, au walikuwa wametumia dawa za kulevya, au walikuwa wagonjwa. Katika vifo 153 wachunguzi waliutaja umeme huo kuwa chanzo au mojawapo ya vilivyochangia.

Daktari bingwa wa moyo Douglas Zipes wa Indiana alichapisha mwaka 2012 maelezo ya watu wanane ambao mioyo yao ilisimama baada ya kupigwa kifuani. Hoja yake ni kwamba kishale kikinasa karibu na moyo, umeme waweza kuukamata na kuuendesha mbio hadi ukaanza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Watengenezaji walimpinga, wakikumbusha kwamba alikuwa shahidi wa kulipwa katika kesi dhidi yao. Lakini wao wenyewe, Oktoba 2009, walikuwa wameshawashauri polisi wasilenge kifua pale inapowezekana, bali mgongo au sehemu za chini za mwili.

Jopo lililoundwa na taasisi ya utafiti ya wizara ya sheria ya Marekani lilitoa ripoti yake mwaka 2011. Lilisema halikuona ushahidi thabiti kwamba mtu mwenye afya njema yumo katika hatari kubwa kwa kupigwa mara moja kwa muda wa kawaida. Miongozo ya polisi ya mwaka huo huo iliweka kikomo cha sekunde 15 kwa jumla, yaani vipindi vitatu vya sekunde tano. Yaliyompata Atkinson ni zaidi ya maradufu ya kikomo hicho, tena kwa mgonjwa wa moyo na figo.

Kuna hatari nyingine ambazo hazihusu moyo. Mtu aliyekakamaa hawezi kujikinga kwa mikono anapoanguka, na kichwa chake ndicho hupokea sakafu. Aliyejimwagia petroli huweza kuwaka kwa cheche. Na ipo hatari ya mkono kuchagua silaha isiyo yenyewe: Aprili 2021, katika mji wa Brooklyn Center jimboni Minnesota, askari Kim Potter alisikika akipiga kelele "Taser! Taser!" kisha akamfyatulia kijana Daunte Wright risasi moja ya bastola iliyomuua. Alifungwa miaka miwili. Miaka kumi na miwili kabla yake, katika kituo cha treni huko Oakland, askari aliyemuua Oscar Grant alijitetea kwa maelezo kama hayo.

Tatizo ambalo mwandishi huyu analiona kuwa kubwa kuliko yote ni wepesi. Bastola humfanya askari afikiri, maana anajua matokeo yake. Silaha iliyobatizwa jina la "isiyoua" huchomolewa mapema. Oktoba 2007 raia wa Poland, Robert Dziekanski, aliyekuwa akihamia Canada kuungana na mama yake, alikaa takriban saa kumi katika uwanja wa ndege wa Vancouver bila kujua Kiingereza na bila wa kumsaidia. Alipochanganyikiwa na kuanza kurusha vitu, polisi wanne walifika. Hazikupita sekunde 30 nyingi wakawa wameshampiga umeme, akiwa ameshika stepla ya ofisini. Alipigwa mara tano na kufariki palepale. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Thomas Braidwood ilihitimisha mwaka 2010 kwamba hapakuwa na sababu ya kutumia silaha hiyo.

Umeme unaotolewa kwa kugusa ndio unaowakera zaidi watetezi wa haki za binadamu. Bunduki nyingi za vishale nazo huweza kutumika hivyo, zikibanwa moja kwa moja mwilini, na hapo hubaki maumivu matupu. Historia yake si nzuri: mwanzoni mwa miaka ya 1960, polisi wa Alabama waliwaswaga waandamanaji weusi kwa fimbo za umeme zilizotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Maumivu yasiyoacha jeraha kubwa humfaa mtesaji, kwa kuwa mahakamani hakuna cha kuonyesha.

Novemba 2007 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, ikijadili ununuzi wa X26 uliofanywa na Ureno, ilisema maumivu makali ya silaha hiyo ni aina ya mateso. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza mwaka 2005 kudhibiti uuzaji wa vifaa vya umeme nje ya nchi zake kwa kanuni maalumu. Mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, Alice Jill Edwards, alipendekeza kwa Baraza Kuu kwamba silaha za umeme za kugusa zipigwe marufuku kabisa, na zile za vishale zidhibitiwe.

Watengenezaji wamekuwa wakijibu lawama kwa ufundi. Katriji hutawanya vipande vidogo vya karatasi vyenye namba, ili ijulikane ni ya nani. Ndani ya kifaa mna kumbukumbu ya saa, tarehe na sekunde ambazo umeme ulitoka. Kwa modeli ya X2, iliyofuata baada ya X26, ipo pia betri inayolia kwa onyo sekunde ya tano inapokaribia, kisha ikaukata umeme hata kama kidole bado kimekibana kifyatulio. Anayetaka kuendelea hulazimika kubonyeza upya. Betri hiyo iliuzwa sambamba na ile ya kawaida, na ilikuwa juu ya kila jeshi la polisi kuchagua itakayonunua.